Hukunisindikiza

Woodley, 20 Mei 2025

Mwana wa mwaitu,

Salamu zitakuja baadaye, kwanza hasira.

Jumapili nimetoka kanisani moja kwa moja hadi kwako Dagoretti, nimebeba ndizi na blanketi, mimi dada yako, na tangu tumzike ndugu yetu Kitavi tumebaki wawili tu kwa tumbo la mama yetu. Umenikaribisha ukiwa umeketi. Sawa. Umekula ukiwa umeketi. Sawa, hata wafalme hula hivyo. Lakini niliposema "basi mimi niende", ukasema "haya, salimia watu", ukabaki kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa stejini.

Hukunisindikiza.

Sikutaka unifikishe Woodley. Hata mlangoni ingetosha. Hata nusu ya kile kilima mpaka barabarani. Mwaitu, mama yetu, alikuwa akiwasindikiza hata watu aliogombana nao, anagombana nao njia nzima, lakini anawasindikiza. Alisema mgeni asiyesindikizwa amefukuzwa. Aliyenisindikiza ni Peres, yule jirani yako wa supu. Njiani alifungua mdomo mara mbili, akaufunga.

Kama ni ile habari ya nyumba ya baba kuandikwa jina langu, sema. Usinisemeshe kwa kiti.

Na simu! Nikipiga hushiki, halafu unatuma ujumbe: "Andika barua." Mwaka huu tulio nao! Haya, nimeandika. Jamleck wa kichinjio cha huko kwenu analeta nyama kwa hoteli iliyo chini ya nyumba ya Bi Mwanasiti kule Parklands ninapofanya kazi. Nitampa yeye.

Dada yako aliyefukuzwa,
Kavindu

*

Dagoretti, 24 Mei 2025

Dada Kavindu,

Barua yako imefika na damu pembeni. Usishtuke, ni ya mbuzi wa Jamleck. Nimeisoma nikiwa nimeketi, usije ukasema nimebadilika.

Nyumba ya Woodley ni yako, sina neno nayo. Paa linavuja, kwa hiyo hongera. Simu iliangukia sufuria ya Peres. Inaita vizuri, lakini ukiongea ndani sauti inatoka na mafuta. Na kuhusu kusindikiza, ni goti. Goti na kile kilima hawasalimiani. Ni goti tu.

Sasa nikupe habari. Hapa plotini kuna mzee mmoja, umri wangu hivi, ninayependa kumtazama. Unajua shule niliiacha mapema, lakini macho hayakuacha. Miaka yote hii nimekaa pale kichinjioni nikitazama mbuzi wakishushwa kwenye lori. Wakitoka Kajiado na jua, wanahema midomo wazi: hilo ni joto, wape kivuli litapita. Wakipata harufu ya damu, mbavu zinakwenda mbio na bado hawajapiga hata hatua: huo ni woga, na siwalaumu. Mwenye homa utamjua, anahema akiwa amelala, wenzake wanakula. Nimeona mwili ni kama ofisi ya serikali. Uje na joto, uje na woga, uje na kilima, uje na homa, wote mnatumwa dirisha moja: mapafu. Na karani pale ni mmoja.

Huyu mzee ni shule. Akiketi, anapumua kama mimi na wewe. Akisimama kuchukua chumvi, anapumua kama aliyetoka sokoni kwa miguu. Akifunga kamba za viatu lazima apumzike kati ya kiatu cha kwanza na cha pili. Siku hizi ameacha viatu vya kamba. Ana akili. Akiongea anakata maneno kabla hayajaisha, na watu wanadhani ni busara.

Usikasirike na goti.

Nthiwa

*

Parklands, 3 Juni 2025

Mwana wa mwaitu,

Nimekutumia dawa ya kuchua goti. Asali na tangawizi ni za yule mzee, usizile. Mwambie aende hospitali. Mtu mzima haachi viatu kwa sababu ya kamba.

Nilimsomea Bi Mwanasiti barua yako. Unajua yeye ni mtu wa Lamu, hapa Nairobi anakaa kwa mwanawe, na kazi yake ni mbili: kutazama tamthilia na kusahihisha Kiswahili changu. Alisema, "Huyo mzee hapumui, huyo atweta. Kuhema ni kwa mtu aliyekimbia. Kutweta ni kwa mtu anayekimbizwa." Kwao kila kitu kina neno lake.

Nikamweleza pia ulivyonifanyia Jumapili ile. Alipunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo hajawahi kumfanyia hata imamu. Akasema mtu hasindikizi kwa mawili: ana hasira, au hana pumzi. Nilicheka. Nikamwambia huyo ndugu yangu alikuwa akitumwa mkate Adams Arcade, anakimbia kwenda na kurudi, na mkate unafika Woodley ungali moto. Pumzi si shida yake.

"Basi ni hasira," akasema, akarudisha sauti.

Kwa hiyo nimebaki na hasira. Ukiamua kunieleza, nipo.

Bado unachoma vichwa vya mbuzi? Nilinusa moshi kwenye blanketi lako lile la zamani. Uliniambia umeacha.

Kavindu

*

Dagoretti, 14 Juni 2025

Dada,

Asali imemfikia mzee. Alinionjesha kijiko, ningekataa ningemvunjia heshima.

Hospitali amekataa. Anasema kliniki alikwenda mara moja, wakampa kidude cha kupuliza mdomoni, akapuliza mpaka kikaisha, akarudi kazini. Kazi yake ndiyo hiyo ya kuchoma vichwa na miguu ya mbuzi, manyoya yatoke, Peres na wenzake wapate supu. Unajua moto ule unavyowashwa. Kuni zikiwa mbichi, kipande cha tairi. Ukivuta hewa ya pale kwa miaka ishirini, kifuani kunakuwa kama dohani ambayo hakuna aliyewahi kuipanda kuisafisha. Mimi nimeacha. Siku hizi nasimamia, kwa mbali, upande ambao upepo hauji. Mara nyingine upepo hukosea njia.

Lakini nilitaka kukuambia kuhusu mbuzi mmoja. Nilikuwa mgeni pale kichinjioni. Alishushwa mgonjwa, anahema mpaka udongo mbele ya pua yake unaruka. Nikakaa naye, nikampa maji. Baadaye akatulia. Mbavu zikaenda polepole, shingo ikalegea, macho nusu. Nikamwita mchinjaji kwa furaha: "Huyu amepona!" Yule mtu alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza mvua inauzwa wapi. Akasema, "Huyu amechoka kupigana. Mbuzi anayehema bado anadai. Huyu ameacha kudai." Hakuisha kusema, mbuzi akaisha.

Tangu siku ile sipendi utulivu unaokuja ghafla. Watu wanapiga makofi wakati wa kuita daktari.

Usimsomee Bi Mwanasiti hiyo, ataharibu futari ya mwaka ujao.

Nthiwa

*

Woodley, 30 Juni 2025

Mwana wa mwaitu,

Nilimsomea. Hakunisahihisha neno hata moja. Aliuliza tu, "Mzee huyu jina lake nani?"

Nikazipekua barua zako zote, sikuliona. Nthiwa, wewe umenitajia majina ya watu wote wa plotini, na majina ya utani, na jina la mbwa wa kinyozi. Huyu mmoja unamwita "mzee".

Kile chumba cha nyuma ni kitupu tangu Kaindi aolewe Kitui. Nimekipaka chokaa. Paa limezibwa. Hapa hakuna moshi ila wa chapati. Njoo ukae. Mlete na huyo mzee ukitaka, nitawapikia wote wawili, na hakuna atakayeulizwa kusindikiza mtu.

Lakini nijibu. Jina lake nani?

Kavindu

*

Dagoretti, 9 Julai 2025

Dada,

Anaitwa Ngui.

Naandika kwa vipande. Kalamu mbovu. Inakata.

Baridi ya mwezi huu si mchezo. Hewa baridi ikimwingia Ngui kifuani, kinajifunga. Kama duka likiona askari wa kanjo. Ngui amegundua kulala chali ni anasa ya matajiri. Analala ameketi, ameegemea ukuta. Kama askari wa zamu. Analinda nini, hajui.

Jambo lingine. Akiwaza sana, pumzi inapanda. Bila kutembea. Akiona pumzi imepanda, anaogopa. Akiogopa, inapanda zaidi. Ni mbwa na mkia wake. Kwa hiyo amejifunza kutowaza. Nyumba iliyopakwa chokaa, kwa mfano, haiwazi.

Usije Jumapili hii. Plotini kuna matope. Nisingependa uharibu viatu.

Siku nyingine nitakusindikiza. Mpaka Woodley.

Nthiwa

*

Dagoretti, 17 Julai, asubuhi

Mama Kaindi,

Ni mimi Peres wa supu. Samahani kwa mwandiko, mimi si mtu wa barua. Nilitaka kukupigia lakini Mzee Nthiwa amesema nikikupigia hataniongelesha tena, na vile hapa hakuna mtu mwingine wa kunichekesha, nimetii.

Amesema nikuambie Ngui anaendelea vizuri. Sasa Mama Kaindi, Ngui ni nani? Hapa hakuna Ngui. Kulikuwa na Ngui wa kinyozi na alihama kitambo, hata mbwa aliacha. Hiyo kifua ni yake mwenyewe. Imemsumbua tangu mwaka jana na bado anaenda kwa moto. Ile siku nilikusindikiza nilitaka kukuambia nikaogopa, alikuwa amenikanya. Hakuwa anaweza kupanda hiyo kilima. Kutoka kwa kiti mpaka mlango alikuwa anapumzika kwa kitanda.

Hizi siku tatu zimekuwa mbaya. Alikuwa anahema mpaka nasikia kwa ukuta. Hata jina yangu hawezi maliza. Anasema "Pe", anatafuta hewa, ndio anasema "res". Nikamwambia buda, wacha tu, mimi nitajua ni mimi.

Lakini usilie, Mungu ametenda. Asubuhi hii nimemuingizia jiko ndani juu ya hii baridi, makaa imeshika poa. Dirisha nimefunga na gunia, upepo isimfikie. Na saa hii nimeingia kumwangalia, ametulia! Hahemi tena. Pumzi inakuja polepole kabisa, kama ya mtoto, na hata uso umepata rangi nyekundu kidogo. Nimemwita hajaitika. Amepumzika.

Nimeona nikuambie mapema nawe ufurahi. Jamleck anapiga honi, wacha nikimbie.

Peres

*

Hospitalini, 23 Julai 2025

Peres dada yangu,

Acha kulia. Jamleck ameniambia umefunga kibanda na hutaki kuona makaa. Fungua kibanda. Watu wa Dagoretti watakufa njaa na tutakuwa na kesi nyingine.

Yuko hai. Nimeandika hilo mapema ili usisome barua hii kama nilivyosoma yako.

Jamleck alinipa barua yako ngazini, kabla sijafungua hata nyumba ya Bi Mwanasiti. Niliruka nikasoma mwisho kwanza, kama kawaida yangu. Nikaona "amepumzika". Unajua sisi sote tunavyolitumia neno hilo. Likitoka redioni saa ya matangazo ya vifo, hakuna anayeuliza kama mtu ataamka. Niliketi palepale kwenye ngazi, na Jamleck akavua kofia bila kujua kwa nini.

Halafu nikaanza juu. Jiko. Gunia. Ametulia. Nimemwita hajaitika. Na nikamkumbuka mbuzi mmoja ambaye Nthiwa aliniandikia habari zake, mbuzi aliyetulia. Nikamwelewa ndugu yangu: hajafa bado, ila ameacha kudai. Ndipo nikamnyang'anya Jamleck simu. Niliyokufokea ile asubuhi, "toa gunia, toa jiko, mvute nje hata kwa miguu", yalikuwa ya woga, hayakuwa ya ubaya. Nasikia ulivunja dirisha kwa mwiko wa supu. Mungu akubariki wewe na huo mwiko.

Daktari amenieleza polepole, maana niliuliza jambo moja mara nyingi. Mapafu yake yameharibiwa na moshi, hewa inaingia kwa shida na inatoka kwa shida zaidi. Kwa hiyo mwili ulikuwa ukipumua haraka kufidia. Lakini kupumua ni kazi, na misuli huchoka kama ya mbeba gunia. Ikichoka, hewa chafu inajaa ndani, mtu anasinzia, pumzi inapungua, na walio kando ya kitanda wanashukuru Mungu. Juu ya hayo kukaja jiko. Moshi wa makaa yaliyokwisha kushika hauonekani wala haunuki, nao ni sumu. Ile rangi nyekundu uliyoiona haikuwa afya.

Sikulaumu. Sote tulilelewa kuambiwa baridi ndiyo inayoua, funga dirisha. Hata mimi ningefunga. Pengine ningeongeza makaa.

Jambo moja lilinishinda. Mara walipomtoa kwenye ile mashine kubwa iliyompumulia, niliwaona wanampa hewa kidogo kidogo, kama watu wabahili. Nikasema ongezeni, yuko na njaa ya hewa! Daktari akakataa. Alisema mwili wa mtu kama huyu umezoea njaa mpaka njaa ndiyo inayomkumbusha kupumua. Ukimshibisha ghafla anaweza kusahau. Nililia kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Kwamba ndugu yangu amezoea.

Jana alizinduka vizuri. Hawezi kuongea bado. Aliomba kalamu kwa mkono. Nilidhani ataandika wosia. Ameandika: "Ngui anaendelea vizuri."

Kavindu

*

Woodley, jikoni, 3 Septemba 2025

Nthiwa,

Nimetoka mapema. Uji uko kwenye chupa, viazi vimefunikwa. Mashine ya hewa usiiguse, iache ilivyoachwa na yule muuguzi aliyeileta. Stima ikipotea, usingoje nirudi: fungua mtungi wa hewa, piga ukuta, jirani Obuya atasikia. Nimemwonyesha kila kitu. Nimemwambia pia usipopiga ukuta na stima imepotea, aingie bila kubisha, hata akute umetulia. Hasa akikuta umetulia.

Peres amesema atakuja Jumamosi. Ameacha makaa, siku hizi anapika kwa gesi. Anasema supu imepoteza ladha na wateja wamelalamika. Amewaambia waende wakalalamike kwako.

Una maneno mengi hujaniambia. Ukishindwa kusema, andika. Lakini usiniletee Ngui tena.

K.

*

Woodley, sebuleni, 4 Septemba 2025

Dada,

Unaandika kutoka jikoni, najibu kutoka sebuleni. Posta imeboreka, na barua hazina damu.

Jana yule daktari kijana alikuja kunipima, akanieleza kwamba mapafu hayarudi. Alisema kwa upole, akitazama viatu vyangu. Havina kamba. Nilimuuliza kama ni miaka au ni miezi. Akasema tuone baridi ijayo. Ni jibu zuri. Hata mbuzi wangelipenda.

Simu haikuanguka kwenye supu. Niliiweka juu ya kabati, ikalia mpaka ikachoka. Ungenisikia kwa simu, dada. Neno la kwanza tu, ungenisikia. Barua haihemi. Naweza kusimama katikati ya neno nikatafuta hewa, na wewe ukisoma huoni pengo. Nilipokaa kitini ile Jumapili, niliona bora uondoke na hasira kuliko uondoke na huruma. Hasira yako naijua tangu utoto, naweza kuishi nayo. Huruma yako sikuwa nimeipima.

Mashine hii inapumua usiku na mchana bila kuchoka. Kwanza niliionea wivu. Sasa nashindana nayo, na inanishinda, lakini inanipa mkono.

Leo asubuhi uliponiaga hukugeuka. Ulikuwa unatafuta funguo kwenye mkoba, unajisemea peke yako kama mwaitu. Nikasimama. Mpira wa hewa ukinyooshwa wote unatoka kwa mashine mpaka kizingiti cha mlango, na hapo unakaza puani. Nilipumzika kwenye meza. Nikapumzika kwenye kabati, chini ya picha ya Kitavi, naye hakunisaidia. Nilipofika mlangoni ulikuwa umeshapita geti la Obuya. Nikapunga mkono. Obuya alidhani nampungia yeye, akapunga, akaja mbio kuuliza kama stima imepotea.

Kwa hiyo umesindikizwa, shahidi ni Obuya.

Zamu yako ya kunisindikiza inakuja, na mimi njia ile sirudi. Usinipeleke mbali. Mlangoni panatosha.

Kesho ukitoka, tembea polepole. Ukifika geti la Obuya, geuka.

Mwana wa mwaitu,
Nthiwa